Dirisha Lisilofunguka

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia nikasikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Jana nilipita stendi, nikaliona basi lile la kiyoyozi likipakia abiria wa Arusha. Nikasimama nikilitazama.

Unakumbuka ulivyonigombeza nilipokukatia tiketi yake? "Hela yote hiyo ya kukalia kiti? Na mimi naishia Kondoa tu! Si ungenunua unga!" Nikasema, mama, magoti yako yamevimba, safari hii utanyoosha miguu kama mke wa mbunge. Ukacheka. "Haya, mke wa mbunge anakwenda kijijini Busi kupalilia."

Yale mabasi ya bei nafuu uliyoyazoea yalikubana, kweli. Lakini dirisha lilifunguka. Ulikuwa unatoa kichwa, unanishika mkono, tunaongea mpaka konda anapiga bati: "Bibi, malizieni kwenye simu!" Nawe humwachi: "Kwani wewe huna mama?" Gari likianza kusogea ndipo unanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Nilirudi nyumbani na baraka hiyo kila mara.

Siku ile ukakaa kwenye kiti kizuri, ukatafuta pa kufungulia. Hapakuwepo. Ukanichorea msalaba pale pale kwenye kioo, midomo ikasema kitu. Nikapaza sauti, "Nini, mama?" Ukarudia. Sikusikia. Basi likaondoka taratibu, hata halikutikisika.

Jioni nikakupigia. "Ya dirishani hayasemwi kwenye simu," ukasema. "Nitakuambia ukija."

Nikaja, mama. Nikakukuta umefunikwa shuka, majirani wanasali rozari.

Wifi yangu ananiambia pengine ulisema umesahau mtandio tu. Kweli uliusahau. Uko hapa kwangu Ipagala, nyuma ya mlango, sijaufua. Ningefurahi kama ni huo. Lakini macho yale, mama, hayakuwa ya mtandio.

Nilitaka upumzike. Magoti yalipumzika, ulisema mwenyewe, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila siku hizi nikija kwenye kaburi lako napanda basi la kubanana, nakaa dirishani, nafungua kioo chote. Binti yangu akinisindikiza namchora msalaba kama wako, halafu maneno yananipotea. Namwambia tu, "Mungu akulinde," nikiomba yawe ndiyo uliyosema.

Pumzika, mama. Tukionana, anza na hilo.

Mwanao uliyemwacha stendi