Baba, Masanja Ametoa Damu

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Eliza, binti yako. Nakuandikia huku Kitundu amekaa uani anakula ugali wa mtama, analalamika kwamba mlenda hauna chumvi. Ndiyo, Baba. Mwanao yu hai.

Juzijuzi ng'ombe wa plau alimchoma pembe pajani. Palepale, Baba, shoka lilipokukata wewe ukitundika mzinga. Damu ikaruka, mama akapiga yowe, nami nikasema basi, ni yaleyale. Tukambeba na kitanda mpaka hospitali ya misheni. Daktari Mzungu akarudia maneno yake ya siku yako: ndugu watoe damu.

Siku ile wewe ulikuwa umeshazirai, hukuona. Mimi na mama tulipimwa, zetu hazikupatana na yako. Baba mkubwa akapiga kelele, "Kodi wameshachukua, sasa wanataka na damu! Mumiani hawa!" Ndugu wakatawanyika kama kuku waliomwona mwewe.

Safari hii pia zetu zilikataa, na ndugu wakatazama chini. Ndipo akajitokeza Masanja, mtani wetu Msukuma, yule aliyelala kaburini mwako akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Akakunja shati. "Pimeni yangu. Damu yenu Wanyiramba ni maji ya mlenda, ndiyo maana inamwagika ovyo!" Nilicheka huku nalia. Ikapatana! Chupa ikatundikwa, na taratibu Kitundu akaanza kuuliza ng'ombe wake wako wapi.

Sasa baba mkubwa anasema damu zimechanganyika, Masanja ni ndugu, utani umekwisha. Masanja kakataa katakata: "Mimi ndugu wa waoga hawa? Mungu apishe mbali!" Kila asubuhi baba mkubwa alikuwa akipita kwa Masanja kuchungulia kama kutoa damu kumeshamuua. Anamkuta analima. Jana baba mkubwa akaenda mwenyewe hospitali kupimwa damu, kimyakimya. Mpaka sasa siamini.

Mama alimchinjia Masanja jogoo. Masanja anasema kuku yule wa msiba wako alikuwa mifupa mitupu. Huyu ni mtamu, ila tatizo safari hii "marehemu" Kitundu yuko hai, wamegombea paja sahani moja.

Bado inaniuma, Baba, kwamba chupa yako haikupata wa kuijaza. Damu yangu haikukufaa wewe wala Kitundu, lakini yuko mtu itakayemfaa. Pumzika. Nakuahidi, mgonjwa atakayeitiwa ndugu zake wakakimbia, ndugu yake ni mimi.

Binti yako,
Eliza