Wanne Wasio na Weusi

Bluff, Durban
9 Machi 1999

Kwa dada yangu Sesilia,

Salamu nyingi zikufikie. Hujambo wewe na shemeji? Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi mzima, ni kazi na joto tu. Barua yako nimeipata. Unasema padri atambatiza Deborah Pasaka hii na anataka jina la baba, na Doris hana la kumjibu. Unakumbuka nilichotamka kwenye kikao cha ukoo alipozaliwa zeruzeru: kwamba si wangu, Doris aseme alikompata. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze kazi yangu, usidhani nazunguka bure.

Bado nipo kwa Mzee Anatole, yule Mmorisi anayefuga nyoka wa mahindi. Usishtuke, hawana sumu. Wakianguliwa, kila mmoja anawekwa kwenye kopo lake, na mimi ndiye ninayechagua wa kubaki kwa uzazi wa miaka ijayo. Wengine wanauzwa. Mwanzoni nilichagua anayeng'aa, basi. Mzee akanigombeza. Alisema nitazame nani anakula bila kubembelezwa, halafu nipitishe kidole mgongoni kuona kama umenyooka, rangi ije mwisho kabisa. Sasa nimekuwa fundi, utacheka.

Mwaka jana, Februari, mayai kumi na sita ya jike mmoja wa kawaida, rangi ya chungwa na madoa yenye ukingo mweusi, yalianguliwa. Wanne wakatoka bila weusi wowote, macho mekundu. Dume naye ni wa kawaida vilevile. Nikamwambia mzee, kwa uhakika wote, kwamba jike yule ameingiliwa na dume mwingine. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajakutanishwa na mwingine tangu azaliwe; hali ile wameibeba wote wawili bila kuonekana, na mtoto hatoki hivyo mpaka apewe na baba na mama. Nikamuuliza kama na watu ni hivyo. Akasema, eish, ni hivyo hivyo.

Dada, huo ni mwaka mzima sasa. Barua mbili nimekuandikia tangu hapo, zote nikasimulia mvua. Nilishajua Doris hakunikosea, nikanyamaza. Ile hasira ilinifaa. Bila hiyo mimi ni mtu aliyemkimbia mtoto wake kwa sababu ya ngozi. Naona aibu, sina neno zuri zaidi.

Andika jina langu. Lakini kwanza waite wale wale waliokuwa kwenye kikao, uwasomee barua hii, Doris akiwepo. Nilimvunjia heshima mbele ya watu, siwezi kumwomba radhi kwa kunong'ona. Akilikataa jina langu, usimsihi. Padri aandike la baba yake Doris.

Nisalimie shemeji, mama, na majirani wote wanaonikumbuka, hata kwa ubaya. Deborah ana miaka sita na sijawahi kuuliza habari zake. Nasikia watoto kama yeye hawaoni mbali. Niandikie, anaona?

Ni mimi mdogo wako,
Dominiki