Mbegu za Mama na Mvua ya Septemba

Kibeta, Bukoba
7 Septemba 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua kidogo. Mama hajambo? Ng'ombe amezaa?

Tata, naomba mama asipande maharage kwa mvua hizi za kwanza. Mwalimu Mastura ametufundisha kwamba tabianchi inabadilika, na mama mwenyewe husema mvua ya Septemba siku hizi inakuja kisha inakatika. Mbegu ni madebe mawili tu. Zikifa, tutapika ndizi na nini?

Mwanao,
Vestina

Kamachumu, Muleba
16 Septemba 2024

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe bado.

Nilikupeleka shule usome, siyo uniletee siasa. Mimi ni mwenyekiti wa tawi la chama. Hayo ya tabianchi wameyaleta wapinzani kutuzuia tusichome nyasi za rweya, malisho yetu, na wanaoyashangilia ni wanawake wa vikundi. Karugendo wa tawini, aliyekwisha panda, ameniuliza mbele ya watu: "Mwenyekiti, kalenda ya nyumbani kwako siku hizi anaishika nani?" Walicheka sana. Nimemwamuru mama yako apande. Amepanda debe zima.

Tata yako

Kibeta
5 Oktoba 2024

Shikamoo Tata,

Natumaini mnaendelea vizuri. Dada Klaudia amenipa habari kwamba maharage yamekauka, nawe unasema mama alipanda kivivu.

Nimechanganyikiwa. Redio ya serikali nayo inasema tabianchi inabadilika. Serikali si ya chama chako? Basi wapinzani ni akina nani? Nilimuuliza Mwalimu Mastura, akasema tuendelee na ramani.

Tafadhali, debe lililobaki lisubiri.

Mwanao,
Vestina

Kamachumu
10 Novemba 2024

Vestina,

Hujambo? Ng'ombe amezaa dume.

Furahi! Bwana shamba Nathanael alikuja kwenye tawi letu. Kijana ana akili! Alitusomea siku za mvua za miaka sita, tarehe kwa tarehe, akasema tungoje. Tulingoja wiki mbili, na debe la pili limeota lote. Karugendo sasa anakuja kwangu kuuliza. Hiyo ndiyo elimu, siyo kelele za wanawake.

Tata yako

Kibeta
16 Novemba 2024

Shikamoo Tata,

Hongera kwa ndama. Nimefurahi, na sijui kama nimefurahi.

Bwana shamba alipotembelea klabu yetu ya kilimo hapa shuleni, mimi ndiye niliyempa tarehe zile. Nilizinakili likizo iliyopita kutoka nyuma ya mlango wa jiko letu. Mama huziandika pale kwa mkaa. Nilimwomba bwana shamba asitutaje, kwa sababu nilijua ukisikia ni za mama hutangoja. Nilikosea?

Nilidhani mbegu zikiota nitatulia. Lakini kwako mama bado ni mvivu. Naomba umwambie kwamba yeye si mvivu.

Mwanao,
Vestina

Kamachumu
4 Desemba 2024

Mwanangu Vestina,

Marahaba. Afya ipo. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Jikoni siingii, unajua. Jana niliingia. Mama yako alishtuka, akadhani kuna msiba. Nimesoma mlango wote. Nikamwambia mbegu zile hazikufa kwa uvivu wake. Akaendelea kumenya ndizi, kisha akauliza: "Na Karugendo ataambiwa, au hayo ni ya humu jikoni tu?"

Barua nikaiacha hapo kwa siku nne.

Leo ni Jumapili, nimetoka kwenye mkutano. Nimewaambia tarehe ni za nani. Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Karugendo ameuliza kama mke wake anaweza kuja kuuona mlango.

Tata yako