Mtungi Uliokubali Regulita Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Damas Niyokwizera. Umri: miaka 38. Kazi: mpiga mbizi, Muscat, Oman. Dini: Mkatoliki. Makazi: Ulyankulu, kwa sasa nimefikia kwa dada yangu, Kanyenye, Tabora mjini.

Nimeonywa niseme kweli, na ninasema kwa hiari yangu. Niko likizo. Marehemu Wenceslaus alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Magreth, ambaye yuko mahabusu hapa kituoni. Mimi kazi yangu ni kusugua meli chini ya maji. Nikiieleza hapa nyumbani watu hucheka, wanasema Damas amekwenda Uarabuni kuogelea. Wenceslaus peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza habari za kazi. Alinipigia simu kila Jumapili, hata akiwa hana la kusema.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, Jumamosi, majira ya saa kumi na mbili asubuhi, yeye na Magreth waliingia na mtumbwi kutega wavu katika bwawa la Isukamo, kando ya njia ya zamani ya misafara. Magreth alirudi peke yake. Alisema wavu ulinasa kwenye visiki, ukamvuta mumewe, akazama. Hilari, kaka wa marehemu, hakukubali. Alisema mbele ya watu, "Mtu aliyekulia bwawani hazami kirahisi hivyo. Huyu mwanamke atuambie kamfanya nini." Jioni hiyo dada yangu alikamatwa, mwili ukiwa bado haujapatikana.

Nina regulita yangu mwenyewe, yaani kifaa cha kuvutia hewa kutoka kwenye mtungi. Kichwa chake ni cha kuskrubu, kinaingia ndani ya valvu. Ziko nyingine za kibano, ambazo huikumbatia valvu kwa nje. Ukienda kupiga mbizi nchi ya watu, jambo la kwanza kuuliza ni valvu, maana ukibeba regulita isiyooana na mitungi ya wenyeji utakaa ufukweni ukiwalindia wenzako viatu. Kwa hiyo nilipompigia mtu wa Kigoma aniazime mitungi, nilimuuliza kama nilivyozoea: "Ni ya kuskrubu?" Akasema ndiyo, ipo miwili. Nilifikiria regulita yangu tu. Sikujua kwamba polisi nao wameita mtu.

Jumanne tarehe 17, saa tatu asubuhi, tulikuwa bwawani. Alikuwepo Ezekia, mpiga mbizi wa uokoaji kutoka Mwanza. Aliambiwa mitungi imepatikana, akaja na regulita yake ya kibano. Alipoiona valvu alishika kiuno. Kuna kipande cha kuchomeka katikati ya valvu ambacho kingeifanya ikubali kibano, lakini hakuna mtungi uliokuwa nacho. Ezekia akaniambia, "Nipe ya kwako, kaka, nishuke mimi. Wewe ni ndugu, watu watasema."

Nilikataa. Sikutaka mgeni ndiye amshike Wenceslaus. Sina sababu nyingine, afande, hata ukiniuliza mara kumi.

Nilishuka peke yangu, jambo ambalo kazini kwetu ni marufuku. Kina ni kama mita tisa. Maji yale ni tope tupu, mkono wako mwenyewe huuoni. Naomba iandikwe kwamba sikumwona marehemu, nilimpapasa. Nilishika kisiki, kisha wavu, kisha bega. Kamba ya wavu ilikuwa imefungwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Wavuvi wa pale hujifunga hivyo ili wavu usiwaponyoke. Hapo hapo nilijua kwamba Magreth alisema kweli.

Nyumbani kwetu maiti haletwi mbele ya watu akiwa na kamba mwilini. Hufunguliwa kwanza, na anayemfungua ni ndugu. Nilivua glavu nikalifungua lile fundo kwa vidole. Nilimwambia pole, shemeji, ingawa chini ya maji mdomo hutoa mapovu tu. Kamba niliiacha palepale. Nikapanda naye.

Ukingoni Hilari aliona alama kwenye mkono. Akapiga kelele, "Mnaona? Alifungwa huyu!" Nilieleza, hakuna aliyenisikiliza. Mwingine akauliza kwa nini mitungi niliyoagiza mimi imekubali regulita yangu tu. Nilimtazama Ezekia. Akasema, "Mimi sikushuka. Siwezi kusemea nisichokiona." Simlaumu. Lakini sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale, katikati ya watu wote wale.

Leo asubuhi nilimletea Magreth uji. Aliniuliza kupitia dirisha, "Ulimkuta na kamba?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Iko wapi?" Nikamwachia uji, nikaja kwako kuandikisha maelezo haya.

Mtungi wa pili umejaa, haujaguswa. Ninaomba Ezekia ashuke kwa regulita yangu, mimi niwekwe mbali na maji. Akifika chini afuate kisiki kikubwa, wavu uko hapo, na kamba iko kwenye wavu. Mlinganishe kamba hiyo na alama ya mkononi. Regulita asiikaze kwa spana, mkono unatosha. Nilimfungua Wenceslaus kwa heshima, nikamfunga dada yangu. Nisaidieni.

Ninayoyajua yameishia hapo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: D. Niyokwizera

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Leodgar, Jumatano tarehe 18 Juni 2025, saa tano asubuhi. Shahidi amekabidhi regulita moja, kichwa cha kuskrubu. Mpiga mbizi Ezekia amejulishwa, atashuka kesho. Shahidi alielekezwa aende nyumbani akasubiri kuitwa. Alijibu kwamba nyumbani hakuna mtu. Yuko kwenye benchi la nje.