Sura ya Mama Kwenye Bango

Old Korogwe,
11 Machi 2024

Mwanangu Dunstan,

Salamu nyingi. Hujambo huko Dar? Kazi inaendaje? Huku tumeamka salama, mvua zimeanza. Jana nilikupigia simu, lakini kila nikitaka kuongea naishia kulia, ndiyo maana naandika na kumpa kondakta wa basi.

Dunstan, niko kwenye bango. Pale stendi, juu kabisa, nimechorwa na kilemba changu cha upande na kovu langu la kuungua juu ya jicho. Mkono kifuani, mdomo wazi. Chini wameandika: "Mama huyu ana kifua kikuu. Wewe je?"

Niliposoma nilikaa chini na sufuria ya maharage mkononi. Hakuna aliyenisogelea kuniinua. Sasa abiria wananunua chakula kwa wenzangu, mimi narudi nyumbani na wali wangu. Shangazi yako Efrazia kaliona jingine kama hilo huko Handeni, akaja mbio amejifunga kitenge cha msiba, akidhani nimeshakufa. Aliponikuta naosha vyombo alipiga ukelele mpaka majirani wakajaa.

Kazi yako ni kuandika gazetini nembo ipi nzuri na tangazo lipi bovu. Basi niambie: nani kaniweka pale? Nani kamwambia naumwa?

Ni mimi mama yako,
Ritha


Dar es Salaam,
15 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Pole sana. Na shangazi naye pole, mpe shikamoo yangu. Barua yako nimeisoma nimesimama. Kisha nikalitafuta gazeti la mwezi uliopita.

Mama, mchoro huo ndio nembo ya kampeni ya kifua kikuu, na niliichambua mimi. Niliisifia. Niliandika kwamba mchoraji kapata "uso wa mama yeyote", mistari michache, rangi mbili, hakuna kilichozidi. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta wiki nzima. Nililikuza lile kovu mpaka likajaa kioo chote, nikaandika kwamba limewekwa kwa ufundi. Sikukujua. Mpaka sasa sielewi imewezekanaje.

Nimeenda ofisini kwa waliotengeneza bango. Mchoraji anaitwa Ukasha.

"Huyu mama umemtoa wapi?" nikamuuliza.

"Nilikula kwake Korogwe, gari letu lilikuwa limeharibika. Nikampiga picha kwa simu. Kwani unamfahamu?"

"Ni mama yangu."

Alishika meza. "Kaka, nilidhani nikishamchora hakuna atakayemtambua."

"Alikwambia anaumwa?"

"Hapana. Nilipenda tu sura yake."

Wamekubali kuyashusha mabango yote. Lakini watu wa huko wameshaamini. Nakuomba mama, nenda hospitali ukapime, upewe cheti, tuwaonyeshe kwamba wewe ni mzima.

Mwanao,
Dunstan


Dar es Salaam,
9 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Mbona kimya? Simu yako haipatikani, ya shangazi inaita tu. Nimeambiwa mabango yameshashushwa. Cheti ulipata? Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Dunstan


Old Korogwe,
2 Mei 2024

Mwanangu Dunstan,

Nakusalimu. Natumai u mzima. Simu niliizima mwenyewe.

Nilienda. Nikamwambia nesi Catherine, "Nimefuata cheti tu, mimi mzima." Akacheka, akanipa kikopo nitemee makohozi. Aliponiita tena hakuwa anacheka. Alifunga mlango.

"Mama, unacho."

"Nina nini?"

"Kifua kikuu."

Nikamwambia kachanganya vikopo, apime tena. Akapima tena.

Kile kikohozi nilidhani ni moshi wa kuni. Jasho la usiku nikadhani ni utu uzima. Ukasha hakujua lolote, mimi sikujua lolote, na mtu kanichora vile vile nilivyo. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Nameza dawa. Nesi anasema nikizimaliza nitapona. Shangazi yako kapimwa, hana. Ndiye anayenipikia, na ananisimamia mpaka nimeze ndipo aondoke.

Kuhusu wewe kutonitambua, nililia kuliko nilivyoulilia ugonjwa. Sitakuficha. Ukija utanikuta bado nina hasira, lakini uje.

Na mwambie Ukasha alirudishe bango la hapa stendi. Safari hii aandike jina langu, Ritha, na aandike kwamba natumia dawa. Shangazi yako anasema nimerukwa na akili.

Lakini juzi alikuja Semboja, fundi pikipiki wa nyumba ya pili. Tangu Machi, akiniona alikuwa anavuka barabara. Alinikuta nyuma ya nyumba naanika nguo. Akakohoa, nikadhani anabisha hodi. Akakohoa tena, akashika mbavu. Akaangalia huku na huku.

"Mama Dunstan," akasema kwa sauti ndogo, "pale hospitali mtu anaingilia mlango upi?"

Niliziacha nguo kwenye beseni, nikajitanda khanga, tukaenda wote.

Ni mimi mama yako,
Ritha