Kopo la Baba

Tunduma, 4 Machi 2024

Mwanangu Sekela,

U mzima huko Ndola? Sisi tupo, mvua inatunyeshea na malori yanatupigia honi. Naandika kwa sababu mambo ya mkojo siwezi kukutamkia kwa simu. Kalamu haina haya. Daktari wa Mbeya anasema figo zangu bado zinajikongoja, na mkojo uliobaki niulinde. Ndio unaofanya nisafishwe damu mara mbili tu kwa wiki. Basi mimi niliyewapimia watu kahawa Mlowo miaka ishirini, sasa najipimia mwenyewe kwa kopo. Jana nusu lita. Goti ndilo linalonitesa, ngazi za kanisa napanda kwa kushikwa mkono.

Baba yako, Yonasi

Ndola, 11 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo. Barua yako imenichekesha mpaka nikalia. Nusu lita hongera, mzee. Nimempa Osward, yule dereva wa lori, vidonge vya maumivu akuletee. Mama mwenye nyumba wangu anavitumia na magoti yake hayana neno. Kunywa viwili kutwa.

Mwanao, Sekela

Tunduma, 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Goti limetulia. Pasaka nilipanda ngazi peke yangu, mama yako akabaki nyuma. Ila kopo linanigomea. Robo lita, kisha vidole viwili, jana halikulowa vizuri. Daktari kaniuliza kama natumia dawa za maumivu au mitishamba, nikasema hapana. Vyako sikuvitaja, zawadi ya mtoto haiitwi dawa. Vimeisha, nitumie vingine.

Baba yako

Ndola, 9 Aprili

Shikamoo baba,

Nimekupigia simu mara tatu, kila mara unasema niandike. Naandika. Nilikwenda kununua vingine, mfamasia akaniuliza ni vya nani. Baba, vidonge vile vinaumiza figo. Huenda ndivyo vilivyokausha mkojo wako, na mimi ndiye niliyevileta. Mwambie daktari. Mwambie ni mimi. Sijui nifanye nini zaidi, nakaa tu.

Mwanao

Tunduma, 30 Aprili

Mwanangu Sekela,

Salamu nyingi, na ule chakula, mama yako anasema sauti yako imekonda. Daktari nimemwambia. Anasema mkojo pengine utarudi, pengine hautarudi, tungoje. Sasa nasafishwa mara tatu. Aliuliza vidonge nilivipata wapi, nikasema nilinunua mwenyewe Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akanigombeza mbele ya manesi. Na wewe usiseme tofauti kwa mtu.

Goti limeanza tena. Kopo nimelitundika msumarini chooni. Kila asubuhi nalishusha, nasimama nalo, nalirudisha kavu.

Baba yako