Mkasi Umeniponyoka Tena

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka hadi basi.

Mkasi umeniponyoka tena, safari hii juu ya kitambaa cha suti ya mteja. Bosi kasema nikiharibu kingine kabla ya mwezi kuisha, nikatafute kazi kwingine. Na unajua nimehangaika miaka mingapi kupata kazi ambayo silazimiki kuongea na watu kutwa nzima. Hospitali nilienda, kama ulivyosema. Daktari kafungua faili, kaona neno "usonji", kafunga. Eti watu wa usonji ndivyo walivyo, vitu vinawaponyoka. Dakika nne, Mama! Nilihesabu.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Presha ilikuwa imeshuka mpaka niliposoma barua yako.

Huyo daktari vipi? Ukipata mafua, usonji. Ukikanyaga msumari, usonji! Sasa nisikilize. Jirani yangu yule muuguzi anasema wenye usonji mara nyingi wana viungo vinavyopinda kupita kiasi, na wanatakiwa wapimwe, basi tu hawapimwi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilaza kidole gumba mpaka kikagusa mkono pale pa kuvalia saa, na mimi nakuita uwaonyeshe wageni, tunacheka. Rudi hospitali. Usitoke mpaka wakupime.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimerudi. Wameniuliza, "Unaumwa zaidi ya kawaida?" Nikasema hapana. Wameandika "hana maumivu", wakaniambia niende nyumbani.

Tafadhali usinifokee.

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Hapana?! Wewe mtoto utaniua. Hebu niambie, hiyo kawaida yako ikoje?

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo. Swali lako hakuna aliyewahi kuniuliza, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Kawaida mkono unawaka moto, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Tangu darasa la pili. Nilidhani mikono ya watu wote iko hivyo, ila wenzangu ni wavumilivu.

Nikarudi hospitali, nikaomba kumwona mtaalamu wa viungo, nikampa hayo yote kwenye karatasi. Huyu hakuuliza kama naumwa. Alisema, "Nionyeshe." Vidole, viwiko, magoti, mgongo: kwa kupinda nimepata pointi nane kati ya tisa. Kanipa pete maalumu za kuvaa vidoleni ili visipinde kupita kiasi, na barua ya kumpelekea bosi. Bosi kaisoma akiwa amesimama, kanipa mkasi mwepesi. Kazi ninayo.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeshukuru, nimepiga vigelegele peke yangu jikoni, halafu nikakaa chini nikalia.

Ulipokuwa mdogo, kila ukitoka shule nilikuwa nakurudishia daftari uandike upya ukurasa mzima, eti mwandiko mbaya. Siku nyingine mpaka kurasa tano. Na wewe ulikuwa unaandika tu, hata neno husemi. Mbona hukuniambia huwezi, mwanangu? Mbona hukukataa?

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Uliniambia niandike.

Binti yako